Tundu Lililohesabu Damu ya Mdogo Wangu

Juzi mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo, alikuja kunisalimia akaanza kunieleza masomo yake. Ati siku hizi wataalamu wanatengeneza utando mwembamba wa kitu kigumu, jamii ya kioo, halafu wanautoboa tundu dogo lisilosemeka. Wanautumbukiza kwenye maji ya chumvi, wanapitisha umeme kidogo, na uzi mmoja wa vinasaba ukipenya pale tunduni umeme unayumba, mashine inajua kuna kitu kimepita. "Kimoja kimoja, shangazi! Si mafungu, kimoja!" Ananipigia kelele utadhani mie kiziwi. Nikamwambia, baba, kunywa chai inapoa. Mie nimefanya kazi na tundu kabla baba yako hajaoa.

Alicheka. Vijana wa leo ukiwaambia ulifanya kazi ya maana wanacheka. Nikamweleza kidogo, akaacha kucheka, akaanza kuniuliza maswali ya kisomi, nami nikanyamaza. Ningeendelea ningefika kwa mdogo wangu, na kwa mdogo wangu huwa sifiki mbele za watu. Lakini mama naye ameshatangulia, hakuna tena wa kumficha. Kwa hiyo naandika.

Hospitali yetu ilikuwa Temeke, nyumba ya vyumba sita iliyokuwa ya mtu kuishi, ikapakwa rangi ya kijani na kubandikwa kibao. Serikali ilikuwa imeruhusu tena hospitali za watu binafsi, na daktari mmoja mstaafu akafungua yake. Kila kitu kilikuwa kinaingia nchini wakati ule, mitumba, redio, friji, baiskeli za Ulaya zilizochoka. Naye akaingiza mashine ya kuhesabu damu, imechoka vilevile. Wenyewe huko walikuwa wanaitupa, sie tukaipokea kwa vigelegele. Sitanii, muuguzi mmoja alipiga kigelegele kabisa.

Ilikuwa na bomba la kioo, na ubavuni mwa bomba, karibu na chini, wamepachika kigamba chembamba kuliko ukucha wangu. Kigamba chenyewe ni jiwe la yakuti, ile ya kutengenezwa kiwandani, na katikati kina tundu usiloliona kwa jicho. Unaizimua damu kwa maji ya chumvi mara nyingi sana, unalitumbukiza bomba, mashine inavuta. Umeme unapita pale tunduni. Chembe ya damu ikipita inauzuia umeme kidogo, basi, imeshahesabiwa. Kwenye kioo cha mbele mistari ya kijani inaruka, na kila mstari ni chembe moja. Kabla ya hapo tulikuwa tunahesabu kwa jicho kwenye hadubini, mraba kwa mraba, mpaka shingo inakakamaa. Nilivyoipenda mashine ile, mume wangu alikuwa anawaambia watu kwamba ameolewa mitara.

Lakini tundu lile lilikuwa na udhia! Unyuzi wa pamba, kivumbi, chumvi iliyogandia, tayari limeziba, na nambari zinakuja za ajabu. Maji yetu yenyewe ya kisima. Uyachemshe, uyachuje, bado. Ndipo ikaingia desturi pale maabara kwamba nambari ikiwa haieleweki, lawama kwa tundu. "Tundu limeziba," tunasema, tunalisugua kwa brashi laini ya kujipambia niliyonunua Tandika, tunarudia. Na mara nyingi ilikuwa kweli.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mzee wa Bukoba, mtu wa kanisa, mpole, ananyoosha koti lake jeupe mpaka linakata. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, damu ya ndugu yako usiipime wewe, mpe mwenzio. Ya pili, nambari ikigoma baada ya kulisafisha tundu, usiiulize mashine tena. Paka damu kwenye kipande cha kioo, itie rangi, weka hadubini, angalia kwa jicho lako mwenyewe. Sheria zile nilizijua kama ninavyolijua jina langu.

Mdogo wangu ndiye aliyenifuata ziwa. Alikuwa anauza mitumba Tandika, blauzi za kike, na mdomo alikuwa nao, jamani! Mteja akisema blauzi imechanika, atamwambia, "Dada, hiyo ni ya kuingizia upepo." Na mteja anacheka, ananunua. Alikuwa ameposwa na fundi friji wa Mbagala, na harusi ilikuwa imebaki wiki tano. Ila alikuwa amekonda. Anatoka jasho bure, akitoka Tandika mpaka nyumbani Mtoni anafika hoi. Mama akanivuta pembeni: "Mpeleke huko kwenu wakamwangalie damu. Lakini kimya kimya."

Hiyo kimya kimya waliokuwepo wanaielewa. Miaka ile msichana akikonda watu walikuwa hawasemi malaria. Walikuwa wanaguna tu, wanatazamana. Na wiki tano kabla ya harusi, mguno mmoja unatosha kuirudisha posa.

Alikuja Ijumaa mchana. Mzee alikuwa amekwenda mjini kufuata dawa za maabara, nipo peke yangu.

"Shikamoo, mke wa mashine."

"Marahaba. Kaa, toa mkono, funga mdomo."

"Taratibu basi! Hiyo sindano au msumari?"

Sheria ya kwanza nikaivunja hapo hapo. Nilijiambia mzee atachelewa, na mtoto wa watu ana biashara yake. Kwanza nikaivutisha mashine maji ya chumvi matupu, kama kawaida, kuona kama tundu ni safi. Mistari miwili mitatu tu ikaruka. Safi. Nikapitisha damu ya mgonjwa mwingine wa asubuhi, ikaja sawasawa. Kisha nikachukua ya mdogo wangu. Nikaizimua, nikatia matone ya dawa inayopasua chembe nyekundu ili zibaki nyeupe peke yake, nikalitumbukiza bomba.

Kioo kikajaa kijani. Hapakuwa na mistari tena, kilikuwa kijani kitupu kuanzia huku mpaka huku. Mdogo wangu akapiga makofi. "Ona nilivyo na damu nyingi! Na mama yako anasema nimepauka!"

Kwenye kitone kimoja kidogo cha damu mtu mzima ana chembe nyeupe elfu nne, elfu saba, akiwa na homa kali hata elfu ishirini. Ya mdogo wangu ilisoma zaidi ya laki tatu. Nambari hiyo ina maana chache sana, na ya kwanza yake ni kansa ya damu. Nilifundishwa hivyo chuoni, nikaiandika kwenye mtihani nikapata.

Nikasema, "Tundu limeziba."

Nikalisugua. Nikavutisha maji matupu, safi. Nikarudia damu yake, laki tatu na zaidi. Nikalisugua tena. Mara ya nne nikaizima mashine kwa hasira kana kwamba imenitukana. "Imeharibika hii takataka," nikamwambia. "Njoo Jumatatu nikutoe nyingine."

"Yaani umeniita kote huku kunitoboa tu?"

"Hebu nenda, wateja wako wanaibiwa na jirani."

Akaondoka na pamba yake mkononi, anaimba taarabu. Mie nikarudi kwenye meza.

Chupa ya damu yake ilikuwa imesimama muda wote ule tunahangaika. Damu ikisimama inajitenga, nyekundu inakaa chini, majimaji juu, na katikati unaona kijiuzi cheupe, chembamba hata ukikitafuta unakikosa. Kwenye chupa ya mdogo wangu kijiuzi kile kilikuwa tabaka zima, jeupe, nene kama tui zito. Hapo hakuna mashine, hakuna tundu, hakuna maji ya Temeke. Ni jicho langu na chupa tu. Nikaishika ile chupa nikaitikisa. Niliitikisa mpaka ikawa nyekundu yote.

Sheria ya pili ikanijia yenyewe, mikono ikaifuata bila mie. Nikapaka tone kwenye kioo, nikakitia rangi, nikakisuuza, nikakisimamisha kikauke. Kilikauka. Hadubini iko pale, hatua mbili. Vioo siku zile havikuwa vya kutupa, tulikuwa tunaviosha na kuvitumia tena, na beseni la sabuni lilikuwa pembeni lina vioo vya asubuhi. Nikakichukua cha mdogo wangu nikakitumbukiza humo, nikaviosha vyote, kimoja kimoja, kwa kidole, mpaka vikalia. Sikukiangalia.

Msiniulize kwa nini. Maana nikianza kujibu nitajitetea, na majibu ninayo mengi, nimeyatunga miaka yote hii. Kwamba ningempeleka hospitali kubwa ukweni wangesema ni ule ugonjwa mwingine. Kwamba nilitaka aolewe kwa furaha. Kwamba mashine ilikuwa mbovu kweli. Uongo mtupu! Niliogopa. Mtu mzima, nina cheti ukutani, niliogopa kipande cha kioo.

Jumamosi mzee akaona jina kwenye daftari. "Damu ya mdogo wako imesemaje?" Nikamwambia mashine ilisumbua, anarudi Jumatatu. "Akija nipe mie," akasema, akaendelea na kazi yake.

Jumatatu hakuja, na hakuweza kuja. Somo yake, yule mama aliyemfunda tangu uwali wake, alikuwa amefika Jumapili na kusema mwali anawekwa ndani. Hatoki, hapigwi jua, anasingwa kwa liwa na manjano mpaka siku ya harusi. Biashara akaachiwa rafiki yake. Kwetu mwali akikaa ndani hivyo ngozi inang'aa, na ndiyo sifa ya somo. Basi wanawake walikuwa wanaingia chumbani, wanamtazama yule mtoto alivyopauka, rangi imemtoka mpaka midomoni, wanapiga vigelegele. "Ametakata! Mashaallah, ametakata!" Somo anajishaua. Na mie nimesimama mlangoni na mkoba wangu, ndani ya mkoba mna sindano mbili na chupa mbili nilizotoka nazo kazini. Nilizibeba wiki nzima. Kisha nikazirudisha kabatini.

Na hakuna aliyenizuia. Ningeweza kuingia, nikafunga mlango, nikamtoa damu dakika moja, somo akae na manjano yake. Kila siku ikipita bila mtu kuniuliza nilikuwa napumua. Ndivyo nilivyokuwa, naona nafuu. Mzee aliniuliza mara mbili, nikamwambia yuko ndani, mzee. Yeye mila zetu alikuwa anaziheshimu, akanyamaza.

Harusi ilikuwa nzuri, siwezi kusema haikuwa nzuri. Alicheka siku nzima. Wakati wa kutolewa alikaa chini mara mbili, watu wakasema ni aibu ya bibi harusi.

Mwezi wa tatu wa ndoa tumbo likaanza kuonekana. Weee, furaha iliyokuwepo! Mama mkwe akawa anamletea udongo wa kula na ndimu. Siku zake hazikuwa zinakuja, anatapika akila kidogo, anachoka, dalili zote zipo. Nilikwenda Mbagala kumtazama nikamkuta amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, myembamba, na tumbo mbele. Akanishika mkono.

"Hebu shika mwanao, dada. Anakaa upande mmoja tu, mkaidi kama wewe."

Nikashika. Lilikuwa kushoto. Lilianzia chini ya mbavu likateremka mpaka karibu na kitovu, gumu, lina ukingo kama wa sahani. Bandama likijaa chembe linakuwa hivyo. Mwenyewe ananitazama usoni, anasubiri, macho yamemtoka kwa furaha.

"Hongera, mdogo wangu," nikasema.

Nililia njiani, nakwenda kwa miguu mpaka Mtongani, watu wananitazama. Nilipofika nyumbani nikanawa, nikapika. Hata usiku ule sikumwambia mume wangu.

Mdogo wangu alianguka sokoni Tandika, alikokwenda kuwasalimia wenzake, damu inamtoka puani haikatiki. Wakampeleka hospitali kubwa ya mjini. Pale hawakuwa na wiki tano za kusubiri wala somo wa kumwogopa, siku ileile wakapima, wakaangalia kwa hadubini, wakajua. Daktari akamwambia mbele yetu, polepole, kwamba tumboni hamna mtoto, ni bandama limevimba. Mdogo wangu hakuuliza habari ya ugonjwa. Aliuliza, "Hamna kabisa?" Daktari akasema hamna. Akauliza tena, "Hata mdogo?" Mama mkwe akatoka nje na kanga mdomoni.

Baadaye daktari yule akaniita varandani, kwa kuwa aliambiwa mie mtu wa maabara. Akaniongelesha kama mwenzake. Kansa hii, akasema, huwa inaanza pole pole. Ikikamatwa mapema kuna vidonge vya kuzishusha chembe, na wapo wanaoishi navyo miaka, wanafanya kazi, wanalea. Si kupona, lakini ni miaka. Ya huyu imeshageuka, imekuwa kali, vidonge watampa ila nisitegemee. Kisha akaniuliza, "Hakuwahi kupimwa damu popote?"

Nikamwambia, "Hapana."

Miaka. Hilo neno ndilo nililobaki nalo. Sikumnyima uhai mdogo wangu, uhai ni wa Mungu. Nilimnyima miaka, na ilikuwa yake. Pengine mitatu, pengine mitano, sijui, hakuna ajuaye. Angeuza blauzi zake. Angegombana na mama mkwe.

Tulimrudisha Mtoni kwa mama. Mumewe alikuwa anakuja kila siku akitoka kazini, anakaa mlangoni na sanduku lake la vifaa. Mie niliomba likizo. Nilimwogesha, nilimlisha uji kwa kijiko, nilimsuka. Kila nilipobaki naye peke yangu nilifungua mdomo nimwambie, nikaufunga. Nilijiambia kesho. Nilijiambia akipata nguvu kidogo.

Alasiri moja mama alikuwa uani anachambua mchele, dirisha liko wazi. Mdogo wangu alikuwa amelala ubavu, nikadhani amesinzia. Akaniita.

"Dada."

"Naam."

"Nina jambo linanikera, nataka nilitoe." Pumzi ilikuwa inamkatika, akapumzika. "Siku ile ulinambia nirudi Jumatatu. Mashine ilivyoharibika."

Uani sauti ya ungo ikanyamaza.

"Mie nikapuuza. Nikajiona bibi harusi, nasingwa, napigiwa vigelegele, nikakusahau wewe na sindano yako. Hata baada ya harusi ningeweza kuja, sikuja." Machozi yakawa yanateremka upande mmoja, yanaingia sikioni. "Ungenipima ungejua. Wewe ungejua tu. Nimejiua mwenyewe kwa ujinga, na mama nitamwacha na wewe."

"Usiseme hivyo," nikasema.

"Nisamehe, dada. Sema umenisamehe, nipumzike."

Mama alikuwa amekuja mlangoni, ungo mkononi, analia kimya. Akaniashiria kwa kichwa, kwamba mjibu, mwambie. Wote wawili wananitazama mie.

Nikamfuta machozi kwa ncha ya kanga yangu. Nikamwambia, "Nimekusamehe, mdogo wangu."

Akasema, "Ahsante."